Laptopu ya mtumba na hamu ya Warcraft III: nianze na gemu lipi?

*"Fundi, salaam. Nina miaka 38, ni mhasibu hapa Tanga. Chuoni tulikuwa tunacheza Warcraft III bwenini, kompyuta sita zimeunganishwa kwa waya, mpaka adhana ya alfajiri. Mwaka huu nimenunua laptopu ya mtumba: Core i5 ya kizazi cha nne, ramu GB 4, haina kadi ya grafiki ya peke yake, Windows 10. Nikanunua Reforged, toleo lake jipya, nikidhani ni gemu lile lile. Bando la wiki liliisha kabla halijamaliza kushuka, na lilipoingia likawa linakwama hata kwenye ramani ndogo. Rafiki yangu anasema nichukue Heroes of Might and Magic III, eti ni aina ile ile na ni jepesi. Mwingine ananiuzia fleshi yenye magemu 200 kwa shilingi elfu kumi. Mimi nataka gemu la zamani la vita vya hekaya, la kujenga kambi na kuongoza jeshi, liende kwenye mashine yangu bila kudai intaneti kila siku. Kijana wangu wa miaka 11 atakuwa pembeni na lazima atataka kushika. Mama yake hapendi mambo ya mizuka na kuabudu miungu. Tena vidole vyangu si vya zamani. Nikicheza na watu mtandaoni dakika ya tano nimeshachapwa. Nianze na lipi?"*

Kaka, kabla ya gemu lolote nunua kipanya. Sikutanii. Wengi wanaonilalamikia kwamba vidole vimezeeka, nikiwauliza nakuta wanacheza kwa kidole kimoja juu ya kile kibao cha kugusia cha laptopu. Magemu haya yalitungwa mkono mmoja ukiwa kwenye kipanya na mwingine kwenye kibodi. Kipanya cha waya cha bei ya chini kabisa kitakurudishia nusu ya ujana wako.

Nikirudi kwenye barua yako, naona maswali mawili yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: gemu lipi litaenda kwenye mashine, na lipi litakurudishia ile raha ya bwenini. Washauri wako wamejibu la kwanza wakasahau la pili. Heroes of Might and Magic III ni gemu zuri mno, la 1999, na laptopu yako italibeba bila kuhema. Ila ni gemu la zamu, kama bao: unacheza, unamaliza, mwenzako naye anacheza, na unaweza kwenda kunywa chai katikati hakuna atakayekudhuru. Wewe ulikuwa unacheza mkakati wa papo kwa papo, ambapo mkulima anakata mti huku nyuma na adui anavunja ukuta huku mbele, na saa haimngoji mtu. Tofauti hiyo ndiyo gemu lenyewe. Kama ni shinikizo lile unalolitamani, la zamu litakuchosha baada ya wiki, na kosa halitakuwa lako wala la gemu.

Kuhusu Reforged, umekosea pale ambapo wengi hukosea. Warcraft III iliyotoka 2002 iliomba Pentium II ya MHz 400, ramu MB 128 na MB 700 za nafasi kwenye diski. Laptopu yako ina ramu mara 32 ya hiyo. Reforged, iliyotoka Januari 2020, ina ramani na kanuni zile zile, lakini imevishwa maumbo na picha mpya kabisa, na inataka GB 30 za nafasi. Sasa mashine yako haina kadi ya grafiki yenye kumbukumbu yake. Michoro hufanywa na kipande kilicho ndani ya prosesa, na kipande hicho hukopa kutoka kwenye ramu hiyo hiyo GB 4 ambayo Windows imeshajilia sehemu kubwa. Ndipo linapokwama. Kwa kuwa umeshatoa hela yako, ingia kwenye mipangilio ya picha uchague mwonekano wa zamani badala ya ule mpya, kisha ujaribu tena. Watu wengi hawajui kwamba upo. Itapungua uzito, ingawa bado utategemea akaunti ya mtandaoni. Na kama zile diski halali za chuoni bado ziko kwenye sanduku nyumbani kwa wazee, zitafute. Sakinisha kutoka humo na ukatae kusasisha.

Kuna jambo jingine la kiufundi linalofaa ulielewe, maana litakusaidia kuchagua kuliko orodha yoyote. Gemu la mikakati la zamani likianza kuchechemea vita vinapopamba moto, kadi ya grafiki mara nyingi haina hatia. Ukiwaambia askari 150 wavuke daraja, kila mmoja anatafutiwa njia yake, na njia hiyo inahesabiwa upya kila anapogongana na mwenzake. Hesabu hiyo hufanywa na prosesa, na magemu ya miaka ile yaliandikwa kwa ajili ya kiini kimoja tu. Kiini kingine cha i5 yako kitakaa kikitazama. Ndiyo maana kushusha ubora wa picha hakusaidii kitu pale.

Bwenini ilikuwa vivyo hivyo. Magemu haya yakichezwa kwa waya hayatumiani picha wala mahali alipo kila askari; yanatumiana amri tu, "kikosi hiki kiende pale", kisha kila kompyuta inapiga hesabu yote yenyewe, na zote lazima ziende hatua moja. Kompyuta moja mbovu, chumba kizima kinachechemea. Nina hakika unamkumbuka mwenye kompyuta ile, na majina mliyompa.

Kwa hiyo mashine yako itafurahi na magemu ya majeshi madogo. Na bahati nzuri, nadhani majeshi madogo ndiyo yaliyokupendeza tangu mwanzo bila wewe kujua. Kumbuka Warcraft III ilivyokubana. Katika Frozen Throne, nyongeza yake ya 2003, jeshi lako likiwa halijavuka nafasi 50 za chakula (kila askari huchukua nafasi zake), mchimbaji analeta dhahabu 10 kila safari. Ukivuka 50 analeta 7. Ukivuka 80 analeta 4. Yaani gemu linakutoza kwa kuwa na jeshi kubwa! Matokeo yake unabaki na watu wachache unaowajua mmoja mmoja, na shujaa wako mbele yao anapanda daraja na kuokota vitu kwa wanyama wa porini. Ukimpoteza inauma. Si ajabu wachezaji wenyewe walitumia gemu hilo kutengeneza DotA, ambayo ni shujaa mtupu bila kambi. Mtu aliyelelewa na mtindo huo ukimpa gemu la wanakijiji sitini na mapanga mia mbili, atasema halina roho.

Kwa mtazamo huo, la kwanza ninalokupa ni Battle Realms. Lilitoka 2001, mwaka mmoja kabla ya Warcraft III, na kwa bahati mbaya lilifunikwa. Toleo lake la Zen Edition liko Steam, duka la magemu la mtandaoni, tangu 2019, na limerekebishwa liende kwenye Windows za sasa. Dunia yake ni ya kubuni yenye sura ya Japani ya kale: koo za Joka, Nyoka, Mbwamwitu na Yungiyungi. Rasilimali ni mbili tu, mpunga na maji, na mtu aliyewahi kuona bonde la mpunga hahitaji kufundishwa hapo.

Uzuri wake uko kwenye watu. Hununui askari. Nyumba za wakulima hutoa wakulima zenyewe, bure, na kadiri watu wako wanavyoongezeka ndivyo wanavyochelewa kutoka. Ukitaka askari unamtoa mkulima shambani unampeleka kwenye jengo la mafunzo. Kwa ukoo wa Joka, akipita kwa walimu wa mkuki anatoka mpiga mkuki. Akipelekwa tena kwa walimu wa upinde anakuwa mpiganaji wa daraja la juu. Akipita majengo yote matatu ya mafunzo anatoka samurai. Kila askari ni mkulima mmoja aliyetoka shambani, kwa hiyo jeshi na chakula vinagombea mtu yule yule. Sijaona gemu jingine lililoufunga uchumi na vita kwenye mwili wa mtu mmoja kwa ustadi kama huo. Na kwa sababu waliokufa watarudi kidogo kidogo, huna haja ya vidole vya haraka sana. Unahitaji kutowachezea watu wako.

Lina kasoro. Adui wa kompyuta kwenye mechi za kawaida huja mapema na haachi, kwa hiyo usianzie huko. Anza na simulizi la Kenji, mrithi wa ukoo wa Nyoka anayerudi kutoka uhamishoni. Misheni ya kwanza anakuta majambazi wanavamia kijiji, na wewe ndiye unayeamua awasaidie wanakijiji au aungane na majambazi. Uamuzi huo unabadilisha ukoo utakaouongoza na njia nzima ya hadithi. Hapo mwite kijana.

La pili ni Age of Mythology, la 2002, kutoka kwa watu waliotengeneza Age of Empires. Hapa chukua Extended Edition ya 2014. Retold ya 2024 iache, mashine yako haiiwezi. Kampeni yake kuu ina misheni 32 zinazomfuata Arkantos, jemadari wa Atlantis, na inafundisha taratibu kuliko nyingine zote katika barua hii. Kwa mtoto wa miaka 11 ndiyo ngazi bora, na kiwango cha ugumu unaweza kukishusha bila aibu. Lakini nisikufiche, maana mama yake atakuja kuniuliza mimi. Miungu humo si pambo. Kila taifa lina mungu wake mkuu, na kuna rasilimali ya nne ambayo ni radhi ya miungu: Wagiriki huipata kwa wanakijiji kusali hekaluni, Wamisri kwa kujenga minara ya ukumbusho, Wanorse kwa kupigana. Mimi kwangu naiona kama somo la hekaya za kale lenye mapanga, na binti yangu alimjua Poseidon humo kabla hajamkuta kwenye kitabu cha shule. Ila nyumba zinatofautiana. Mkae naye mama mtazame misheni mbili za mwanzo pamoja kabla ya kununua. Video zake zimejaa mtandaoni. Kwa kigezo hicho hicho, Warcraft III yenyewe ina upande mzima wa wafu waliofufuliwa, na sehemu ambapo mwana wa mfalme anaangamiza raia wa mji wa ufalme wake mwenyewe. Hiyo cheza kijana akilala. Battle Realms ina uchawi pia, hasa kwa Yungiyungi, ila unaweza kucheza Joka mpaka mwisho bila kuwa upande wao.

Kama kiu yako hasa ni shujaa, kuna njia mbili na zinatofautiana sana. Warlords Battlecry III ya 2004 ni jepesi sana, picha zake ni bapa na mtu aliyezoea uzuri wa sasa atacheka akiziona. Lakini ina makabila 16, na shujaa unayemwanzisha leo unaendelea naye mechi hadi mechi, miezi mingi, akikua. Ni gemu la mtu mwenye nusu saa baada ya kufunga hesabu za siku. SpellForce ya 2003 ni kinyume chake: nusu ni safari ya shujaa mmoja, maongezi mengi, mapango, masanduku, nusu ni kambi na jeshi unaloliita kwenye mnara wa kila ramani na kuliacha hapo ukiondoka. Ina hadithi nzuri. Pia ina mwendo wa konokono, na maandishi ya Kiingereza ya kutosha kumkimbiza kijana. Mimi nililimaliza kwa ukaidi zaidi kuliko mapenzi.

Kohan: Immortal Sovereigns ya 2001 nitaitaja kwa sababu ya vidole vyako. Huongozi askari mmoja mmoja bali kikosi kizima, na kikosi kikirudi ndani ya eneo la mji wako kinajaza pengo la waliokufa chenyewe. Unawaza, hukimbizani na kipanya. Majesty ya 2000 inaenda mbali zaidi: wewe ni mfalme na mashujaa hawakutii kabisa. Unaweka bendera ya zawadi juu ya kichwa cha zimwi na kusubiri mwenye tamaa ajitokeze. Pesa ile ile shujaa anaitumia kwenye masoko na vyama vyako, na mtoza kodi wako anapita kuikusanya, kama hajauawa njiani na panya. Mhasibu mwenzangu, hili utalipenda hata kama silo uliloniuliza.

Utasikia watu wakisifu The Battle for Middle-earth ya 2004 na ya pili yake ya 2006, na Rise of Legends ya 2006 yenye taifa la majini, mchanga na kioo lililochotwa kwenye hekaya za Kiarabu. Sifa ni za haki. Rise of Legends ningekupa ya kwanza kama ingepatikana kirahisi. Lakini haya hayauzwi kwenye maduka ya mtandaoni. Yamebaki kwenye diski za zamani, na diski halali nazo zina mtego. Nyingi za miaka ile zilifungwa kwa kufuli la kuzuia kunakiliwa liitwalo SafeDisc, na Windows 10 imekataa kabisa programu inayoendesha kufuli hilo kwa sababu za usalama. Unaingiza diski uliyoinunua kwa halali, haisemi kitu. Ya Middle-earth ina lake la ziada: hujizima mara tu ikifunguliwa kama haikukuta faili dogo la mipangilio liitwalo Options.ini kwenye folda yake. Hayo ni ya mtu mwenye subira na wikiendi nzima.

Hapo ndipo lilipo kosa la mwisho nitakalokurekebisha, la kudhani kwamba gemu la zamani halina tabu kwenye mashine mpya. Mara nyingi linakataa kwa sababu mashine ni mpya mno. Linazungumza DirectX, lugha ambayo gemu huitumia kuiagiza Windows ichore picha, ya enzi zake na Windows ya sasa imeanza kuisahau, basi rangi zinavurugika au picha inakuwa nzito. Dawa niliyoizoea ni dgVoodoo 2, programu ndogo ambayo ni mkalimani: unaweka mafaili yake ndani ya folda ya gemu, inapokea lugha ya zamani na kuitafsiri kuwa DirectX ya sasa. Haigusi Windows yenyewe. Ukiyafuta mafaili imeondoka. Ishushe kwenye ukurasa wa mtengenezaji tu. Na usisakinishe magemu haya ndani ya Program Files. Windows hairuhusu gemu kuandika humo ovyo, na siku moja utatafuta mchezo uliouhifadhi usijue umefichwa wapi. Tengeneza folda yako, C:\Magemu, uyaweke hapo.

Ile fleshi ya elfu kumi iache. Magemu ya wizi ya aina hiyo huja na faili la kuvunja kufuli, na muuzaji atakuambia uzime antivairasi kwanza. Kwenye laptopu ambayo nadhani ina vitabu vya hesabu vya watu! Battlecry na SpellForce ziko GOG, duka linalouza magemu ya zamani yasiyo na kufuli: unashusha mara moja mahali penye intaneti nzuri, unatunza kwenye fleshi yako mwenyewe, na hutaulizwa intaneti tena. Za Steam zinahitaji akaunti, ila ukishaingia mara moja zinaweza kuchezwa nje ya mtandao. Kulipa, kadi pepe ya pesa za simu inatosha. Subiri mapunguzo ya msimu. Magemu ya umri huu hushuka mpaka dola chache.

Kama baada ya haya yote gemu jepesi kama Battlecry nalo linakwama baada ya dakika kumi, wakati mwanzoni lilikwenda vizuri, acha kuhangaika na mipangilio. Hiyo ni joto. Laptopu za mtumba hufika na feni iliyojaa vumbi na ute wa kupoza prosesa uliokauka, nayo prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Mpelekee fundi unayeweza kukaa naye akiifungua mbele yako, asafishe feni, abadilishe ute, na kama kuna nafasi akuongezee ramu ya pili ya GB 4. Hiyo itakufaa kuliko gemu lolote nililotaja. Ukisikia mlio wa kugonga-gonga kutoka kwenye diski ngumu, au laptopu ikizima ghafla bila onyo, usisubiri jioni: nakili mafaili ya kazi kwanza, kisha uende. Na fundi akikuambia kwenye bei hiyo hiyo atakuwekea na magemu 200 ya bure, mwambie feni inatosha.